Bando la Usiku

Kundi letu liliishi usiku kwa sababu ya bei. Bando la kuanzia saa sita usiku lilikuwa nafuu kuliko la mchana, na sisi tuliokuwa humo tulikuwa watu wa kuhesabu shilingi: mimi fundi cherehani wa Mwanjelwa, kijana anayepakia mbao Mafinga, dada anayenunua na kuuza parachichi Njombe, mwanafunzi wa chuo Iringa, na wengine ambao kazi zao sikuwahi kuziuliza. Mchana hakuna aliyeandika. Ikifika saa sita, ujumbe unaanza kumiminika, na mimi nimejifunika blanketi gubigubi, mwanga wa simu nimeupunguza mpaka mwisho, maana shangazi analala upande wa pili wa ukuta wa mbao na mbao zenyewe zina nyufa.

Mimi ni mwanamke ninayependa wanawake, na wote wa kundini ni watu wanaopenda jinsia yao. Nimekulia upande wa Tukuyu. Mbeya mjini nilikuja kujifunza ushonaji nikabaki. Naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya Moravian, alikoimba mama na kabla yake bibi, na sijaacha. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu wakisikia habari za mtu kama mimi hudhani lazima kuna upande mmoja ameutupa.

Sheria kila mtu wa kwetu anaijua, hata asiyewahi kushika kitabu cha sheria. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho mzizi wake ni enzi za Mwingereza, kinaadhibu ngono inayoitwa kinyume cha maumbile, na adhabu yake inafika hadi kifungo cha maisha. Februari 2017 serikali ilisimamisha huduma za Ukimwi kwa makundi maalumu, wakiwemo wanaume wapendao wanaume, katika vituo 40. Mwishoni mwa Oktoba 2018, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo akatangaza kamati ya kuwasaka mashoga. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ilisema hayo yalikuwa maoni yake, si msimamo wa serikali, lakini habari ya pili haikupanda milima ya huku kwa kasi ya ile ya kwanza. Vijana waliokuwa Dar wakaanza kurudi kwa wazazi, Makambako, Njombe, Mbeya, wakisema kazi imeisha. Kundi lilianzia kwao. Walikuwa wamezoea kukaa na wenzao, sasa wanapalilia viazi na hawana wa kumwambia neno.

Hakuna aliyetumia jina lake. Aliyelianzisha, yule dada wa Njombe, alijiita Parachichi, nasi tukafuata mazao: Kakao wa Kyela, Pareto wa huko juu Umalila, Mbao wa Mafinga. Mimi ni Chai. Ulikuwa mzaha, lakini ulitufaa kuliko tulivyotarajia. Ukiwa kwenye daladala ukasema kwa simu kwamba bei ya kakao imeshuka wiki hii, hebu mtu akaangalie, abiria wa pembeni atakachofanya ni kukuuliza Kyela wananunua kilo shilingi ngapi.

Niliingia humo nikiwa siko sawa. Silali, sili, nakata kitambaa cha mteja halafu nakitazama sijui nilikusudia nini. Kabla ya hapo ndugu walikuwa wamenipeleka kwenye maombi ya kufunguliwa, katika kanisa dogo la maombezi, si letu. Sitaki kuwasema vibaya walioniombea. Wengine walilia kwa dhati. Ila hesabu ya maombi yale inaishia pabaya: ukiombewa na jambo lisitoke, mwenye kosa ni wewe, imani yako ndogo. Nilikwenda na mzigo mmoja, nikarudi na miwili.

Usiku mmoja wa Mei Parachichi aliandika kwamba tarehe 17 Mei 1990 Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha yake ya magonjwa. Nikapiga hesabu kwa vidole. Mwezi huo mama alikuwa na mimba yangu. Kwa hiyo nilizaliwa tayari si mgonjwa, na hakuna aliyeleta taarifa Tukuyu. Nikacheka kwa sauti.

“We mwana, kuna nini huko?” shangazi akauliza kupitia ukutani.

“Nimeota, shangazi. Lala tu.”

Pareto, ambaye ndiye msomaji wetu, akaongeza ya mtafiti wa Marekani, Ilan Meyer, aliyeandika mwaka 2003 kwamba sonona na wasiwasi kuwa vingi kwa watu wa aina yetu kunatokana na namna tunavyolazimika kuishi: kungojea kukataliwa, kujificha kila siku, na hatimaye kuyaamini wewe mwenyewe yale unayosemwa. Hilo la kujificha ndilo lililonikaa. Mimi nilikuwa na cherehani kutwa, na juu yake nilikuwa na kazi ya pili ya kuangalia macho yangu yanatua wapi kanisani, sauti yangu inabadilikaje nikitaja mtu fulani, nicheke kiasi gani wakina mama wakinitania habari za mchumba. Kazi hiyo haina Jumapili. Ndiyo maana nilikuwa nimechoka hivyo.

Kabla ya kupata kundi nilijaribu msaada wa nje, wa kuchati na mshauri aliye Ulaya. Huduma za namna hiyo zina historia ndefu. London kuna laini ya simu ya watu wetu tangu 1974, Marekani kuna ya vijana tangu 1998. Aliyenipokea alikuwa mpole na hakunikimbiza. Lakini tuliandikiana Kiingereza, nami Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, na huwezi kulia vizuri kwa lugha uliyofanyia mtihani. Akaniuliza kama nimefikiria kuwaambia wazazi. Akanitumia namba za dharura ambazo kwa laini ya hapa hazipigiki. Akaniuliza kama kuna kituo cha jamii yetu karibu na ninapoishi. Nilitazama nje ya dirisha, upande wa mlima Loleza, nikafunga ukurasa.

Parachichi hakuwahi kuniuliza maswali hayo. Usiku wa kwanza aliniuliza: “Umekula nini leo? Na unalala na nani chumbani?” Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba swali la pili lilikuwa la usalama. Alitaka kujua kama kuna mtu anaweza kuisoma simu yangu.

Kuhusu usalama nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Kundi lilianza WhatsApp, na WhatsApp wakati huo namba yako ilikuwa wazi kwa kila mwana kundi. Tangu laini zisajiliwe kwa alama za vidole, mwaka 2019 kuingia 2020, namba ni jina. Mtu anachukua namba yako, anaingia kwenye kutuma pesa, anaandika shilingi elfu moja, na kabla hajathibitisha simu yenyewe inamsomea jina lako kamili. Hahitaji hata kukutumia hiyo elfu. Na majina ya kwetu mnayajua: jina likianza na Mwa, mtu anaanza kukutafuta Rungwe au Kyela, akiuliza wawili watatu amefika kwa mjomba wako. Parachichi alilijua hilo kwa sababu anatuma pesa kwa wakulima kutwa nzima. Tukahamia programu inayoficha namba, tukaweka ujumbe ujifute wenyewe, tukakubaliana kwamba hakuna picha ya uso wala ya mlango wa nyumba. Wapo waliotuona tumezidi woga. Mmoja aliondoka akisema kundi limekuwa gereza. Namwelewa, ila bado nadhani Parachichi alikuwa sahihi.

Mbao yalimkuta nje ya kundi. Alichati na kijana mmoja kwa wiki kadhaa, maneno matamu, wakapanga wakutane gesti huko Makambako. Aliowakuta ni wanaume wanne. Walimpora simu, wakampiga picha, wakamlazimisha kutuma pesa aliyokuwa nayo, kisha wakawa wanapiga kila juma kudai nyingine. Polisi hawezi kwenda, maana maelezo ya mlalamikaji yangekuwa ndiyo ungamo lake. Aliporudi kwenye kundi kwa simu ya kuazima aliandika sentensi moja tu, kwamba anashukuru kwa kila kitu. Parachichi akaiona kwa jicho la mama.

Tulikuwa tumeshajifunza kitu kutoka kwa muuguzi mmoja wa jamii yetu, anayefanya kazi mkoa wa mbali. Alitufundisha kumuuliza mtu waziwazi: unafikiria kujiua? Nilidhani swali hilo litampa mtu wazo. Muuguzi akasema sivyo, utafiti umeonyesha kuuliza hakumpandikizii mtu wazo, na mara nyingi humpunguzia mzigo. Parachichi akamuuliza Mbao hivyohivyo, neno kwa neno. Akajibu ndiyo. Tukakaa naye mpaka jogoo wakawika, tukipokezana, huku muuguzi akimwongoza kuandika mpango wa usalama. Mpango huo ulitungwa na Wamarekani wawili, Barbara Stanley na Gregory Brown, na unaenda kwa ngazi: dalili zako za kuanza kuzama ni zipi, unaweza kufanya nini peke yako, uende wapi penye watu, umwombe nani msaada, mtaalamu gani, na vitu vya hatari uviwekeje mbali nawe.

Ngazi ya tano ilitushinda kwa muda. Kanuni ya Adhabu inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kwa hiyo kumwambia Mbao akimbilie hospitali usiku ule ilikuwa kumwongezea hofu. Muuguzi akajiweka mwenyewe pale. Ngazi ya mwisho ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote, na ndiyo ambayo sasa naisisitiza kwa kila mgeni, kwa sababu huku kwetu karibu kila nyumba ya mkulima ina dawa za shamba. Pareto alikuwa ameshaitekeleza kwake kimyakimya: alimkabidhi bibi yake ufunguo wa stoo akisema anaogopea watoto wa kaka yake. Bibi akausifu uangalifu wake mbele ya ukoo mzima.

Karatasi ya Mbao iliandikwa kama orodha ya vifaa vya ujenzi. “Misumari” ni dada yake wa Mafinga. “Mabati” ni uwanja wa mpira jioni. “Kenchi” ni sisi. Aliikunja akaiweka kwenye pochi. Wale wanaume tulimshauri asiwape hata senti, akabadilisha laini. Walipiga kwa dada yake mara moja, dada akawatukana matusi ya Kihehe, na haikusikika tena simu yao.

Baada ya hayo ndipo muuguzi alipouliza jambo ambalo sisi wote tulikuwa tumelizoea hata hatulioni: kwa nini mnakutana saa nane za usiku? Tukamwambia bando. Akasema mtu mwenye sonona usingizi kwake ni dawa, na ninyi mnamnyang'anya dawa hiyo kila siku kwa jina la kumsaidia. Ilituuma, kwa sababu ilikuwa kweli. Nilikuwa nangoja saa sita kwa hamu, nalala saa kumi, saa moja niko dukani nimeshika mkasi. Kulihamisha kundi kuja saa mbili hadi saa nne usiku kulileta ugomvi mkubwa kuliko ule wa namba. Ilibidi tuchangie bando kwa wale wasioweza, na mchango ukaleta maneno, nani katoa, nani anakula bure. Mambo ya fedha siyasimulii yote hapa. Tuliyamaliza kwa shida. Wachache bado wanapenda usiku wa manane, wanaandikiana wao kwa wao.

Mimi nililala. Sikulala vizuri, lakini nililala kiasi cha kuweza kujibu kwa akili dodoso la maswali tisa ambalo muuguzi alitutumia kwa Kiswahili, lile linalouliza hali yako kwa wiki mbili zilizopita. Jumla ya juu ni 27, na kuanzia 10 unashauriwa uonane na mtaalamu. Zangu zilipita 15. Nikaenda hospitali, kliniki ya afya ya akili, nikiwa nimejiandaa kwa vita. Nesi wa makamo akanikaribisha kiti.

“Shikamoo, nesi.”

“Marahaba, mwanangu. Pole. Usingizi unakuja?”

Nikamweleza usingizi, chakula, mikono kutetemeka, asubuhi ambazo natamani nisingeamka. Aliuliza kama nina mchumba, nikasema sina, akaandika akaendelea. Daktari alinipa vidonge, akanionya kwamba vitachukua wiki kadhaa kabla sijaona nafuu na kwamba nisiviache ghafla nikijiona nimepona. Hakuna aliyehitaji kujua nampenda nani ili anitibu usingizi. Najua wapo waliokutana na mengine kwenye vyumba vya namna hiyo, mahubiri hata vitisho, na wapo ambao sura au sauti zao zinawasema kabla hawajafungua mdomo. Kwao njia hii ni nyembamba. Nasema tu kwamba mimi nilipita, na nilithubutu kwenda kwa sababu watu wa saa mbili usiku walikuwa wakinisubiri nirudi nisimulie.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, na haikurudi mpaka mwanzoni mwa Novemba. Mtandao wa X ulikuwa umeshafungwa tangu Mei, tukaona ni la kuzungukwa. Hili halikuwa na pa kuzungukia. Watu wako ndani, hakuna anayejua kinachoendelea mtaa wa pili, na wewe mtu wako wa kumwambia umeogopa yuko ndani ya programu isiyofunguka.

Bahati tulikuwa tumeshapangana wawili wawili, kila mtu na jirani yake wa karibu. Wangu ni Kakao, aliyekuwa amehamia Ilomba. Tulikuwa tumeonana ana kwa ana mara moja tu, alipokuja dukani kushonewa shati. Nilimpigia simu ya kawaida.

“Bei ya kakao vipi, kaka?”

“Imeshuka, dada, ila si ya kutupa.”

Mitaa ilipotulia kidogo akaja na kipande cha kitambaa ambacho hakuwa na haja nacho. Nikampima mabega, kifua, mkono, taratibu kuliko inavyohitajika, tukiongea kwa sauti ya chini. Alikuwa hajala vizuri. Nilikuwa sijaongea na mtu ukweli tangu Jumatano. Shangazi akatuletea chai na viazi, uso umemchanua namna ambayo sijamwona tangu harusi ya binamu yangu, akamuuliza Kakao kwao wapi, ukoo gani, anasali wapi. Kakao akajibu yote kwa adabu. Mpaka leo shangazi anamuulizia, na mimi namjibu yupo, anasalimia. Parachichi anasema hiyo ndiyo huduma bora ya afya ya akili iliyowahi kutolewa Mwanjelwa, na shangazi wangu ndiye mkurugenzi.

Mbao hakuwa na jirani. Kati yetu, Mafinga alikuwa peke yake. Intaneti iliporudi tulimtafuta yeye kwanza, na alipoandika alituma picha ya ile karatasi ya vifaa vya ujenzi, imechakaa mikunjoni, pembeni ya “mabati” ameweka alama za vema. Uwanja ulikuwa mtupu siku zote zile, alisema. Alikwenda akauzunguka tu.

Sasa hivi tunabishana kuhusu mama yake Pareto. Kijana alimwambia mama yake mwenyewe, kwa hiari yake, wakiwa wanachambua mbegu za viazi. Mama alinyamaza siku mbili, siku ya tatu akasema anataka kuongea na hao waliokuwa wanakesha na mwanawe. Mbao anamtaka aingie kundini, anasema kundi halijawahi kuwa na mzazi. Parachichi amekataa katakata: leo mama, kesho mama kamwambia dada yake, keshokutwa mchungaji yuko mlangoni. Mwanafunzi wa Iringa akapendekeza kura. Kura ikatoka sare.

Wakanituma mimi niongee naye kwanza, kwa sababu ni mtu mzima na ni mwanakwaya. Nilimpigia Jumapili baada ya ibada.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Chai?”

“Ndiye mimi, mama.”

Alikuwa na maswali mengi kuliko nilivyojiandaa, na machache yalihusu Pareto. Aliuliza kama dhambi hiyo inaambukiza. Aliuliza kama ni kwa sababu baba yake alifariki mapema. Aliuliza mimi mama yangu anajua, nikamwambia hapana, akaguna, akasema basi anabeba peke yake asichokijua. Sikuwa na jibu la hilo. Mwishoni nikamweleza habari ya kundi, kwamba wengine wanasitasita, kwamba kuna programu ya kupakua na jina la kuchagua.

“Kupakua nini? Mimi nina kitochi.”

Kumbe mjadala wote ule ulikuwa wa simu ambayo hana. Tumekubaliana atapigiwa, simu ya kawaida, Jumapili mchana, mtu mmoja mmoja kwa zamu, na asiyetaka halazimishwi. Mbao amechukua ya kwanza. Parachichi bado anasema ni hatari, lakini ameuliza mama huyo anauza viazi vyake gunia bei gani.